Farasi Ishirini

Barafu ya ziwa iliondoka Jumanne usiku bila kuaga.
Asubuhi nikaitoa mashine bandani, nikaifunga kwenye boti
ilivyo, bila rafadha:
farasi ishirini, wote wazima,
wasio na kwato.

Kwa Urpo Karvinen ni kilomita kumi na nane za tope.
Zizi lake halijaona ng'ombe tangu babake afe,
sasa linafuga mashine:
zinaning'inia kwenye boriti, vichwa wazi,
hii imenyofolewa kabureta, ile pampu,
ile ya kijani, kongwe kuliko mimi,
imebaki mfupa na kamba ya kuwashia.
Vizimba bado vina majina ya chaki.
Ndani ya Mansikki mna gia,
ndani ya Heluna plagi kwenye makopo ya kahawa,
na Omena amejaa nati zisizojua bolti zao.

Kizuri chajiuza, wasema, kibaya chajitembeza.
Vya Urpo havifanyi hili wala lile.
Vinangoja mtu aharibikiwe.

"Rafadha," nikasema. "Ya ishirini. Meno kumi na matatu."
Akatafuta. Akaipangusa kwa suruali yake.
"Yuro themanini."

Huku kwetu hatupatani bei kwa maneno.
Muuzaji hutamka mara moja, mnunuzi hutazama dirishani,
na anayekohoa kwanza ndiye aliyeliwa.
Nilitazama dirishani. Theluji chafu chini ya misonobari.
Kisha nikaitazama rafadha

na panga lake la pili lilikuwa na kovu,
limenyooshwa kwa nyundo, limepigwa tupa,
lakini kidole changu kilijua:
huo ni mwamba wa Honkasaari,
Agosti ile nilipogeuza kichwa kumchekea mtu.
Nikaipindua. Ndani ya kitovu, chini ya gresi,
herufi mbili nilizozichora kwa msumari:
H.T.

Mimi ni Helvi Tiainen.
Vuli iliyopita mtu alishuka gatini kwangu usiku
na spana ya saizi yake.

Urpo akaniona nikiona.
"Sabini," akasema.
Sikujibu.
Birika likaanza kulia.
"Hamsini. Kijana mmoja, gari la bluu. Sikumuuliza."
Sikujibu.
"Ishirini."
Masikio yake yalikuwa mekundu kama tenki la petroli.
Nilijua nikivumilia pumzi mbili zaidi
atanikabidhi bure, na pini juu yake,
na sitaweza tena kuja hapa kutafuta gasketi.
Zizi kama hili liko moja tu ziwa zima.

Basi nikapiga hesabu: saa tatu za nyundo na tupa,
bushi mpya ya mpira, ambayo mimi sikuwa nayo.
"Arobaini," nikasema.
"Umepotea njia," akasema Urpo. "Bei inashuka."
"Arobaini. Ya kunyoosha."

Akamimina kahawa. Tukainywa tumesimama,
tukizungumzia kina cha maji.
Nilipofika garini nilikuta pini mbili
mfukoni mwa koti langu. Sikumhisi akizitia.

Jioni nikaifunga rafadha, ikakaa
kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani.
Nikafungua kifuniko kukagua plagi, kama kila mwaka,
na kama kila mwaka, kwenye ganda la pampu ya mafuta
niliyoinunua mnadani kwa bei ya kutupa,
miaka sita sasa, kwa mtu ambaye sikumuuliza,
palikuwa na mchoro wa msumari:
V.L.

Nikapitisha kitambaa.
Oili ikarudi taratibu, ikaufunika.
Nikavuta kamba. Mara ya tatu
farasi wakaitika.